Tupeane uzoefu: mchezaji wa jasho na yule anayecheza kama hataki

Maka Mstaafu (Casuarina, Malindi)

Wapenzi wa tenisi, salaam. Mada hii imezua ubishi barazani kwetu tangu fainali ya 2025 ya Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Paris, ile ya Carlos Alcaraz wa Uhispania na Jannik Sinner wa Italia, nikaona heri niilete huku tuliko wengi. Kuna wachezaji ukiwatazama unaiona kazi: wanakimbia, wanaguna, fulana imelowa kabla seti ya kwanza haijaisha. Na kuna wengine wanacheza kama waliotoka kidogo kwenye kahawa na watarudi sasa hivi. Nani anakuvutia, na umeona nini kwa macho yako, uwanjani au kwenye televisheni? Leteni visa.

Naanza mimi. Nimekuwa maka miaka mingi katika hoteli za ufuoni. Kwa asiyejua, maka ndiye anayecheza na mgeni asiye na mwenza, akimaliza anaokota mipira na kupiga mistari brashi. Wageni wetu wengi ni Waitaliano. Kuna mzee mmoja alikuwa akija kila msimu wa kaskazi, tumbo mbele, kofia nyeupe. Hakimbii. Nampeleka kushoto, nampeleka kulia, mpira ukifika naye keshafika. Wenzangu wakawa wananicheka kwamba nafungwa na mtu anayetembea. Nilikaa sana ndipo nikaing'amua siri yake: miguu. Kabla sijaugusa mpira anaruka kidogo tu, akitua keshaujua upande. Halafu hatua ndogondogo, tano au sita, pale ambapo mimi napiga mbili kubwa na kufika nimepinda.

Kwa hiyo mtu akiniambia Roger Federer, yule bingwa mstaafu wa Uswisi, alikuwa na kipaji tu, nanyamaza kwanza. Mwaka 2024 aliwahutubia wahitimu wa chuo cha Dartmouth huko Marekani, akawaambia hakuna kitu kinachoitwa kucheza bila jitihada. Akawapa na hesabu: mechi 1,526 za mmoja kwa mmoja, alizoshinda karibu asilimia 80, lakini pointi alizoshinda ni asilimia 54 tu. Pointi karibu nusu zinapotea na uso haukunjiki! Na ujanani alikuwa akirusha raketi na kulia uwanjani. Ule utulivu aliusomea.

Binti wa Mpishi (Lamu Road)

Maka, shikamoo. Mimi si mchezaji, ni mhudumu wa mezani. Fainali hiyo niliiona nikiwa kazini, Jumapili katika siku za Idd kubwa, mgahawa umejaa Waitaliano tangu alasiri. Sinner kachukua seti mbili za kwanza. Seti ya nne anaongoza 5-3, Alcaraz ndiye anayeanzisha mpira, hesabu 0-40, Sinner akipata pointi moja tu kombe ni lake. Pointi tatu za ubingwa! Mteja mmoja keshaagiza mvinyo wa kusherehekea, chupa ninayo mkononi. Alcaraz akazifuta zote tatu, na mwishowe kombe likawa lake. Chupa nikairudisha kwenye barafu na usiku ule haikufunguliwa. Saa 5 na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote zilizowahi kuchezwa pale. Isha ilipita kitambo, piza zimekauka, hakuna aliyekumbuka kula.

Walivyomsema Sinner sasa! Ati ni barafu, hapigi kelele, hana moyo. Alcaraz naye anacheka, anaonyesha sikio kwa kidole apigiwe makofi, anadondosha mpira mfupi hapo karibu na wavu mwenzake akiwa nyuma kabisa. Mimi nilimtetea Sinner, tena nina sababu. Baba yangu ni mpishi wa hoteli. Baba yake Sinner alikuwa mpishi na mama yake mhudumu katika nyumba ya wageni huko milimani, kaskazini mwa Italia. Mtoto alikuwa hodari wa kuteleza kwenye theluji, akachagua tenisi na kuondoka nyumbani akiwa na miaka 13. Sisi wa kazi za kuhudumia watu tunajua kuchoka bila uso kusema. Mteja anakufokea, unajibu "prego" (karibu), unaenda jikoni unapumua, unarudi.

Wiki tano baadaye, Wimbledon, mashindano ya London, Sinner akamfunga Alcaraz huyohuyo seti tatu kwa moja. Uso uleule. Wateja walewale sasa wanasema ni chuma.

Mwamu wa Langoni

Saa tano na nusu mwaziona nyingi? Melbourne, fainali ya Australia, Januari 2012, Novak Djokovic wa Serbia na Rafael Nadal wa Uhispania: saa 5 na dakika 53. Kwa saa za huku ilianza kabla ya adhuhuri ikaisha jua linataka kuchwa. Nilikuwa kwa ami yangu. Twaenda kuswali adhuhuri, twarudi, wapo. Alasiri twaenda, twarudi, wapo. Umeme ukakatika katikati, tukahamia nyumba yenye jenereta, wapo! Wakati wa hotuba za kutoa zawadi hawakuweza kusimama, ikabidi waletewe viti.

Wote wawili watu wa jasho, ila si jasho la aina moja. Nadal, enzi zake, aupiga mpira ukizunguka, ukitua waruka hadi begani kwako. Djokovic arudisha kila kitu, tena karibu na mstari wako wa nyuma, hata roho yako ichoke kabla ya miguu. Vichochoro vya Langoni havina nafasi hata ya kunyoosha wavu, na ami, nahodha wa jahazi, hesabu ya 15, 30, 40 haijui mpaka leo. Lakini siku ile hakuondoka kitini. Mchezo ulipoingia saa ya nne akauliza, "Hawa wana deni?"

Kijana wa Silversand

Nyote mnasifu jasho. Mimi mtu wangu ni Nick Kyrgios wa Australia. Mwaka 2014 nilikuwa bado shule: kijana wa miaka 19, nambari 144 duniani, anamtoa Nadal Wimbledon, tena pointi nyingine anaupiga mpira katikati ya miguu yake mwenyewe. Miaka mingi hakuwa hata na kocha. Mwaka 2022 akafika fainali Wimbledon na kumchukulia Djokovic seti ya kwanza. Huyo ndiye nitaacha kazi nimtazame. Wale wa kurudisha mipira mia ndipo wapate pointi moja, wananipa usingizi.

Halafu mtu huyo anapigwa faini na kufungiwa kwa kutojituma, Shanghai 2016. Mwaustralia mwenzake, Bernard Tomic, alifungwa na Jo-Wilfried Tsonga kwa dakika 58, Wimbledon 2019, wakamnyang'anya zawadi yote, pauni 45,000. Kwani kufungwa ni kosa? Mimi napeleka wageni baharini kutazama samaki. Siku nyingine mwili umekataa, nawapeleka vilevile, wananilipa vilevile. Nani atapima moyo wangu?

Maka Mstaafu

Mwanangu, moyo hapimi mtu, lakini miguu inaonekana. Ile ya Shanghai aliuanzisha mpira kwa kuugusagusa tu, akageuka kuelekea kitini kabla mwenzake hajamaliza kuurudisha. Watu wamelipa kiingilio. Wewe ukiwafikisha wageni kwenye samaki ukazima mashine na kulala, watakulipa?

Ya Tomic naafikiana nawe nusu. Seti ya tatu alifungwa 6-4, na Tsonga anapoanzisha vizuri pointi huisha upesi kwa yeyote. Kufungwa haraka peke yake si ushahidi. Lakini hiyo fainali ya 2022 uliyoitaja inamsuta Kyrgios mwenyewe: wiki mbili za kujituma zilimfikisha pale, na huko nyuma alizitupa wiki ngapi?

Mwalimu wa Barani

Mimi huwafundisha watoto jioni baada ya masomo. Uwanja tumeuchora kwa chokaa, wavu ni kipande cha jarife kuukuu tulichopewa na wavuvi, raketi tumeachiwa na wageni. Nilikuwa na mvulana mfupi, mwepesi, kila siku anapigwa na wakubwa wenye mkono mzito, akataka kuacha. Nikamsimulia Mhispania David Ferrer. Sentimita 175, hana pigo la kumtisha mtu. Ujanani kocha alikuwa akimfungia katika chumba cha mipira akizembea mazoezi (sisemi tuige hilo, leo ingekuwa kesi). Akachoka, akaacha, akaenda kufanya kibarua cha ujenzi. Wiki moja tu ikamtosha, akarudi uwanjani mwenyewe. Mwaka 2013 akawa nambari 3 duniani na kufika fainali ya Roland Garros.

Mvulana akaniuliza, "Alishinda?" Nikamwambia alikutana na Nadal, akafungwa 6-3, 6-2, 6-3. Akacheka sana. Tenisi aliacha hata hivyo, siku hizi ni beki wa kulia katika timu ya mtaani, na mbio anazopiga hapo pembeni mjue zilianzia kwenye jarife letu.

Wasichana habari yao nyingine. Julai 2022 Angella Okutoyi wa kwetu Kenya aliposhinda Wimbledon ya vijana kwa wachezaji wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, niliwaonyesha kwenye simu. Jumatatu raketi hazikutosha.

Mama Fundi (Maweni)

Hamjambo wanangu. Angalau mwalimu kawakumbuka wanawake, maana nilikuwa nahesabu wanaume tu. Mimi nashona, na televisheni inawaka mbele ya cherehani. Mwanangu ndiye aliyenifunza kumtazama Ons Jabeur wa Tunisia. Mwanamke yule hakupi mpira mmoja mara mbili. Mara mrefu, mara umekatwa unateleza chini, mara kaudondosha hapo wavuni mwenzake anakuja mbio na kofia inamvuka. Anacheka, anajisemea, anakasirika, yote unayaona.

Fainali ya Wimbledon 2022, Mwarabu wa kwanza kufika fainali ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya mwaka, nyumba nzima tunamwombea. Akashinda seti ya kwanza. Upande wa pili Elena Rybakina, mrefu, kimya, anaanzisha mpira kwa nguvu na mbwembwe hana. Akazichukua mbili zilizobaki 6-2, 6-2, na baada ya kushinda hakuruka wala hakulala chini. Alitabasamu kidogo tu akaenda wavuni kutoa mkono. Jirani yangu akasema huyu hana hisia. Kumbe machozi yalimtoka baadaye, mbele ya waandishi, alipoulizwa wazazi wake watasemaje. Jabeur akarudi fainali 2023, akafungwa na Markéta Vondroušová, akalia palepale uwanjani, nami nikazima cherehani.

Mimi siamini habari ya huyu anajituma na huyu hajitumi kwa kutazama uso. Ila nikichagua wa kumtazama, nipeni Jabeur. Nguo yangu yenye darizi nyingi ndiyo naipenda pia, ingawa kanzu nyeupe tupu ndiyo ngumu zaidi kushona maana kosa halifichiki.

Mgeni wa Jukwaa

Maka, naomba ushauri. Najaribu kupiga kama Nadal, raketi inamalizia juu ya kichwa, lakini bega linauma na mpira unakwenda na upepo. Tatizo langu au raketi?

Maka Mstaafu

Vyote viwili, na kusi pia. Nadal mpira wake ulipimwa ukizunguka wastani wa mara 3,200 kwa dakika. Mzunguko ule unataka mkono uliojengwa tangu utoto, raketi nyepesi, na nyuzi zinazoushika mpira. Ukiwa na raketi ya mgeni aliyoiacha tangu enzi zile, nyuzi zimelegea kwa joto na chumvi, bega ndilo linalofanya kazi ya nyuzi. Malizia begani, usimalizie kichwani.

Kwa upande wa upepo: kaskazi inapokuwa tulivu asubuhi, cheza upendavyo. Kusi likivuma, mpira wa juu unaupa upepo ruhusa. Ukianzisha, usiurushe juu sana. Mpira ukate upite chini, sogea mbele umalize mapema. Na wale mnaotaka kusimama nyuma sana kama Daniil Medvedev, viwanja vyetu vingi ukirudi hatua tatu uko ndani ya ua wa bougainvillea.

Kijana wa Silversand

Kuhusu Kyrgios bado sijakubali, na sitakubali. Lakini raketi yangu nyuzi zimekatika mbili katikati. Inafungwa wapi?

Maka Mstaafu

Mimi zangu huzipeleka Mombasa, nampa dereva wa matatu na pesa mkononi. Lete yako Jumamosi, ziende pamoja. Na uje na viatu, si ndara, tucheze seti moja nione hicho kipaji.