Kumhamisha mbwa kwa ndege, Munich hadi Helsinki

Habari zenu wapendwa,

Nimepata kazi Helsinki, naanza mwezi ujao. Nina mbwa jike wa kilo 19, nimemlea tangu mdogo, na kumwacha siwezi. Chipu ya utambulisho chini ya ngozi anayo, pasipoti ya mnyama anayo. Je, nikate tu tiketi tuondoke, au kuna mambo siyajui?

Dada yenu, Munich

---

Dada wa Munich, hongera kwa kazi, na karibu sana huku kwenye baridi.

Njia hiyo niliipita na mbwa wangu, basi nivumilie niandike kirefu. Kabla hujagusa tiketi, fungua ile pasipoti ya buluu usome tarehe. Chanjo ya kichaa cha mbwa lazima iwe imechomwa baada ya chipu kuwekwa, au siku ileile. Ikitangulia chipu, haihesabiki. Chanjo ya kwanza inasubiriwa siku 21 ndipo mnyama avuke mpaka. Ukimchanja tena kabla ile ya zamani haijaisha, hakuna kusubiri. Ikipitwa hata siku moja, inahesabiwa kuwa ya kwanza tena, na siku 21 zinaanza upya. Wewe unaondoka mwezi ujao, kwa hiyo angalia leo hii, usingoje kesho.

Sasa jambo lililonikwamisha mimi. Finland, kama Ireland, Malta na Norway, inataka mbwa apewe dawa ya tegu, ile minyoo bapa ya tumboni, na daktari wa mifugo kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia nchini. Ukitua Jumamosi saa nane mchana, dawa ianzie Jumatatu saa nane mchana, isipite Ijumaa saa nane. Daktari aandike tarehe NA saa. Wangu aliandika tarehe peke yake, nami sikukagua. Kaunta ya uwanja wa ndege wakakataa kumpokea mbwa. Ndege ikaondoka bila sisi, nikarudi mjini kumtafuta daktari huku mbwa analia ndani ya tundu lake la kusafiria. Sitaki yakukute. Soma ule ukurasa ukiwa bado palepale kwa daktari, na saa iandikwe kwa hesabu ya huko, 14:00, maana sisi tumezoea kusema saa nane.

Kuhusu ndege yenyewe: kilo 19 hakai nawe. Mashirika mengi yanayoruhusu mnyama kabini yanaishia kilo 8 pamoja na begi lake. Wako atasafiri chini, kwenye chumba cha mizigo chenye hewa na joto. Ryanair na easyJet usihangaike nayo, hawabebi wanyama isipokuwa mbwa wa kuwasaidia walemavu. Piga simu kwanza wathibitishe nafasi ya mbwa, ndipo ulipe tiketi yako, kwa sababu kila ndege ina idadi yake ya wanyama. Chukua ndege ya moja kwa moja hata ikiwa ghali zaidi. Kubadilisha ndege ndiko kunakomtesha mnyama.

Tundu liwe gumu, asimame bila kichwa kugusa juu, ageuke, alale. Lilete nyumbani mapema, umlishe humo, alale humo na fulana yako uliyoivaa. Dawa ya usingizi usimpe, hata mtu akikushauri kwa nia njema: inamlegeza, inasumbua pumzi, na kule chini hakuna wa kumtazama. Mbwa wa pua bapa ndio kabisa. Mashirika mengi hayawapokei huko chini.

Kabla ya kuondoka kafute jina lake kwenye kodi ya mbwa hapo Munich. Huku, tangu 2023, kila mbwa lazima aandikishwe kwenye rejista ya taifa.

Kaka yako, Helsinki

---

Niongeze kwa wale wanaofikiria kuja Uingereza: hapa mnyama haingii kwa ndege akiwa kabini nawe, anakuja kama shehena, na gharama yake ni kubwa. Sisi tulishuka Amsterdam na paka wetu, tukapanda meli ya usiku Hoek van Holland hadi Harwich. Vyumba vya wenye wanyama huisha upesi, wahini.

Mama wa watoto wawili, Leeds

---

Kaka, Mungu akubariki. Nimefungua pasipoti: chanjo inaisha tarehe 9, na mimi naondoka tarehe 14! Nimepata miadi kesho kutwa. Tundu nimeliweka sebuleni, ameshaingia mwenyewe mara mbili kufuata nyama.

Swali moja. Nikitaka mwakani kwenda naye Nairobi kwa mama na kurudi?

---

Dada, kabla ya kutoka Ulaya mpime damu kuona kinga ya kichaa, si chini ya siku 30 baada ya chanjo, na majibu yaandikwe kwenye pasipoti. Ukienda bila kipimo, utalazimika kukifanyia huko, kisha kusubiri miezi mitatu kabla ya kurudi naye. Na chanjo isikatike katikati.

Nitumie saa ya kutua. Nina gari kubwa, tundu litaingia.