Naomba ushauri: safari za mavuno ya zabibu mwakani

Wakuu, habari zenu. Mwakani nataka kufuata mavuno ya zabibu: Februari Stellenbosch (Afrika Kusini), Agosti Dodoma, halafu mwishoni mwa Septemba Kakheti, Georgia, ambako mvinyo huchachushwa kwenye mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini. Hiyo ndiyo naisubiri kwa hamu zaidi.

Kinachoniumiza kichwa ni usafirishaji. Chupa ikiachwa kwenye gari juani, mvinyo hutanuka, kizibo husukumwa nje, hewa huingia na ladha huharibika. Toka Dodoma hadi Dar mnazibebaje, kwa basi la usiku au boksi la barafu?

Pia, mashamba gani Dodoma hupokea wageni wakati wa kuvuna, na mbuzi choma nzuri iko karibu?