Konokono wamejaa kwenye akwariamu, niweke mrututu?

MamaDuboisi_Ujiji
Habari zenu wadau wa samaki wa mapambo, naombeni msaada. Nina akwariamu ya lita 200 hapa nyumbani Ujiji, ndani kuna duboisi wadogo wale weusi wenye madoa meupe, pamoja na vile visamaki vinavyoishi ndani ya makombe (magamba matupu ya konokono). Sasa tangu tuweke majani yaliyotoka mto Luiche konokono wamezaliana mpaka inatisha, asubuhi nikiwasha taa kioo chote kimejaa, na kwenye filta kuna mayai yamebandikwa ndani ya ute. Wako aina mbili, kuna warefu waliochongoka ambao mchana huwaoni kabisa, na wengine wafupi wa mviringo wenye gamba jepesi. Samaki wako poa, nawapa unga wa dagaa asubuhi na jioni wanakula vizuri tu. Jamaa wa duka la dawa za mifugo kaniambia niweke mrututu kidogo, wataisha wote usiku mmoja. Ni kweli? Na hawa ndo wale wa kichocho? Maana watoto wangu wanapenda sana kuingiza mikono humo.

FundiVioo_Mwanga
Dada usiweke huo mrututu tafadhali, na ngoja nikueleze vizuri kwa sababu hapo ndo watu wengi wanamaliza samaki wao.

Mrututu ni kopa, yaani chumvi ya shaba, na kopa inaua konokono kweli. Tatizo kubwa linakuja baadaye, ni mizoga. Hao unaowaona kwenye kioo ni wachache tu, wale warefu mchana kutwa wanajifukia mchangani, sasa wakifa kwa pamoja wanaozea humohumo chini ambako huwezi kuwafikia na maji yanajaa amonia, ile sumu inayotokana na vitu vinavyooza. Na maji yetu ya Kigoma siyo ya mchezo, ziwa letu la Tanganyika pH yake (kipimo cha asidi na alikali ya maji) inakaa karibu na 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu kwa samaki, yaani kiasi kilekile ambacho mtu mwenye maji ya pH 7 samaki wake watavumilia, kwako wewe kinaua. Halafu hao warefu wana kifuniko mlangoni, wakisikia dawa wanajifungia ndani wanasubiri, kwa hiyo unaweza ukaamka samaki wameelea na konokono wazima.

Sasa tuje kwenye chanzo, ambacho naona umeshakitaja mwenyewe, unga wa dagaa mara mbili kwa siku. Konokono wanaongezeka kwa kufuata chakula kinachobaki, na unga ni mbaya zaidi kwa sababu unazama na kuingia katikati ya kokoto, samaki hawaufikii ila konokono wanaufikia. Na hata kama usingekuwa na konokono hata mmoja ningekwambia uache, kwa sababu duboisi ni mla mwani. Huku ziwani anashinda anakwangua mawe, utumbo wake ni mrefu umeumbwa kwa majani, ukimlisha dagaa kila siku iko siku atavimba tumbo, ataanza kutoa kinyesi cheupe, ataacha kula, na akifika hapo kumrudisha ni kazi ngumu mno. Mpe mchicha uliochovya kwenye maji ya moto au vidonge vya spirulina (aina ya mwani) ukivipata, na kiasi kiwe kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili hivi. Wale wa kwenye makombe wao wanahitaji nyama kidogo, wape kwa bomba la sindano (toa sindano yenyewe) pale pale mlangoni kwa kombe, kidogo kidogo, wanadaka hapo hapo na hakuna kinachozama.

Kuwatoa: usiku ukizima taa weka kisosi chenye kipande cha tango au jani la mchicha, alfajiri kabla hujawasha taa kitoe pamoja na konokono waliopanda. Rudia kila usiku usichoke. Wa kwenye kioo waokote kwa mkono, mayai kwangua na kadi ngumu uyatoe nje. Kila wiki vuta uchafu wa chini kwa mpira ukibadilisha robo ya maji. Ila filta usiisafishe siku moja na mchanga, utaondoa bakteria wote wanaomaliza amonia kwa pamoja halafu ile amonia tunayoikimbia utaileta mwenyewe. Wataisha kabisa? Hapana. Watapungua mpaka uwe unawaona mmoja mmoja, na hapo akwariamu ni salama.

Kazima_Tbr
Naunga mkono mkuu hapo juu. Mimi niko Tabora, maji yetu ya bomba siku hizi yanatoka Ziwa Victoria, ni laini (yana madini machache) ukilinganisha na ya kwenu, na kwenye maji laini kopa yenyewe ndo inakuwa hatari zaidi kwa samaki, kwa hiyo msomaji wa huku asije akadhani onyo ni la Kigoma peke yake.

Ila niwatetee kidogo hao warefu. Wakiwa wachache wanafaa sana, wanapekua mchanga usigande na kutoa harufu, na wanakula mabaki. Tena wanakupa taarifa. Umeme ukikatika usiku na pampu ya hewa ikazima, ukiona wote wametoka mchangani wanapanda juu kwenye uso wa maji ujue hewa imepungua au maji yamechafuka, badilisha maji mapema kabla samaki hawajaanza kuhema juu. Mimi nawaachia waishi. Na kuwamaliza ni kazi kwa sababu hawatagi mayai, wanazaa watoto kabisa, na jike halihitaji dume, akibaki mmoja tu wanaanza upya.

Nesi_Katubuka
Nijibu la kichocho maana naona limepitwa na ndilo linalonihusu. Wale warefu waliochongoka hawabebi kichocho. Wanaobeba ni aina mbili, kuna wale bapa waliojikunja kama sarafu ambao ni wa kichocho cha tumbo, na wale wafupi ambao ukimshika ncha ikiangalia juu mlango unakuwa upande wa kushoto, hao ni wa kichocho cha mkojo. Shida ni kwamba kuna konokono wengine wa kawaida wa kwenye akwariamu nao mlango uko kushoto, kwa macho tu mtu wa nyumbani hawezi kuwatofautisha kwa uhakika, na wewe majani yako yametoka mtoni ambako watu wanaoga na kufua.

Konokono hazaliwi na ugonjwa. Anaupata pale mayai ya minyoo kutoka kwenye choo au mkojo wa mtu mgonjwa yanapoingia majini yakaanguliwa. Kwa hiyo waliozaliwa humo kwenye kioo chako ni salama, wa kuogopa ni wale wakubwa waliokuja na majani, huyo akiwa ameambukizwa anaweza kuendelea kutoa vimelea kwa wiki nyingi hata miezi. Vimelea wenyewe wakishatoka kwa konokono na kuingia majini hawaishi zaidi ya siku mbili, na wanaingia kupitia ngozi nzima, haihitaji kidonda. Watoto wasiingize mikono mpaka hao wakubwa wa mwanzo waishe, na wewe vaa glavu ndefu unapofanya usafi. Wakiwa wameshaingiza sana, wapeleke kituo cha afya wakapimwe choo na mkojo, dawa ipo, ni prazikwanteli, na inatibu. Usisubiri damu kwenye mkojo.

MamaDuboisi_Ujiji
Asanteni sana jamani, mrututu nimeachana nao. Watoto nitawapeleka wiki hii. Maswali mawili: hakuna samaki wa hapahapa ziwani anayekula konokono nikamweka humo? Na hao nitakaowatoa niwamwage ziwani?

FundiVioo_Mwanga
Yupo, Neolamprologus tretocephalus, yule mwenye mistari mitano myeusi, anawavunja vizuri sana. Lakini ni mkorofi, anakua karibu sentimita 15, hao wako wa kwenye makombe hawatapata amani. Gogogo wadogo nao wanakula konokono ila wanakula na mayai ya samaki. Kwa kioo cha lita 200 mimi nisingeweka yeyote kati yao.

Ziwani usimwage kabisa. Ziwa letu lina konokono wake wasiopatikana popote duniani, na hayo makombe wanayolala visamaki vyako ni ya mmojawapo, usiwapelekee wageni. Chemsha, ukishachemsha wape bata. Maji ya kubadilisha mwaga kwenye udongo mkavu shambani, siyo kwenye mtaro unaoshuka ziwani.

Na majani mapya yakija tena, loweka kwanza kwenye ndoo yenye shabu, ileile ya kusafishia maji, kijiko kikubwa kimoja mpaka vitatu kwa lita nne, yaache siku nzima kisha suuza sana ndo uweke.