Neno "get" limenikosesha kazi. Wenzangu mnalielewaje?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za humu. Nina jambo limeniuma, naomba tusaidiane.

Nafanya kazi za kutafsiri kupitia intaneti. Kiingereza nakisoma kila siku na nilidhani nimeshakizoea. Mwezi uliopita mteja mmoja alinitumia nyaraka za kurasa 40, tukawa bado tunapatana bei. Kwa kuwa niliitaka sana ile kazi, nikatafsiri kurasa 12 za mwanzo nikamtumia azione. Kimya. Baada ya siku kadhaa akaandika: "Sorry for the silence. We got the documents translated last week."

Mimi nikasoma hivi: samahani kwa ukimya, tulipata nyaraka zilizotafsiriwa wiki iliyopita. Yaani kurasa zangu 12 zimefika. Nikafurahi. Nikakesha siku tatu, nikamaliza zote 40, nikatuma pamoja na ankara. Jibu lilikuja la kistaarabu kabisa: kazi ile alishapewa mtu mwingine, ameimaliza, na walikwisha kuniarifu. Nikarudi kwenye ile sentensi. Nimeisoma labda mara ishirini.

Sasa nimefungua kamusi kwenye "get", naona maana zinateremka ukurasa hadi ukurasa: kupata, kufika, kuwa, kuelewa, kulazimika. Siwezi kuzikariri zote. Je, kuna namna ya kulishika neno hili, au ni bahati tu? Natanguliza shukrani.

Kalamu Tulivu

Pole sana mkuu. Kurasa 40 si mchezo.

Kosa lako liko kwenye mpangilio wa maneno, na ni dogo mno kwa macho. Wangeandika "We got the translated documents", ungekuwa sahihi: walizipokea zikiwa zimeshatafsiriwa. Wao waliandika "got the documents translated". Hilo "translated" limekaa nyuma ya nyaraka, na likikaa nyuma lina maana kwamba kazi ilifanywa na mtu kwa agizo lao. Ni sawa na "I got my phone repaired". Simu ni yangu, fundi ni mwingine, agizo ni langu.

Kwa hiyo usianze na "get" yenyewe, angalia inafuatwa na nini. Ikifuatwa na kitu peke yake, mara nyingi ni kupata, kupokea au kuleta: "get a letter", "get me a chair". Ikifuatwa na hali, ni kuingia katika hali hiyo: "get tired", "get angry". Ikifuatwa na mahali, ni kufika. Ikija mtu halafu "to", ni kumshawishi au kumfanya atende: "I got him to sign", nilimfanya atie saini. Hayo manne pamoja na lile lililokuponza yatakufikisha mbali.

Nyota ya Alasiri

Pole ndugu yangu. Mimi niliambiwa "I'll get back to you", nikashinda nasubiri mtu arudi. Alikuwa amesema atanijibu baadaye. Nakuelewa.

Msafiri wa Maneno

Naomba niongeze jambo ambalo lilinifungua macho mimi binafsi.

Sisi tunahangaika na "get" kwa sababu tunatafuta neno moja la Kiswahili la kuliweka mahali pake, tukishika "pata" tunang'ang'ana nalo. Lakini kazi nyingi za "get" katika Kiswahili hazifanywi na neno, zinafanywa na mkia wa kitenzi. Tazama. "Get broken" ni kuvunjika. "Get paid" ni kulipwa. "Get caught" ni kukamatwa. "Get someone to laugh" ni kumchekesha. "Get lost" ni kupotea, "get used to" ni kuzoea, wala hakuna "pata" popote. Mwingereza hana -ika, -wa wala -esha za kubandika mwishoni mwa kitenzi, basi anatanguliza "get" mbele.

Na "get married" ndiyo inayonifurahisha zaidi, maana Kiingereza kinatupa kauli moja, Kiswahili kinadai ujue nani: alioa, aliolewa au walioana? Mfasiri hawezi kuendelea mpaka ajue.

Sasa rudi kwenye sentensi yako. Mtu akimpa fundi kitambaa husema "nimeshonesha nguo", akiwaweka mafundi husema "nimejengesha nyumba". Kwa hiyo walichokuandikia ni: tulizitafsirisha wiki iliyopita. Silabi moja tu, -sha, na ungejua kwamba yupo mtu wa tatu. Kila ukikutana na "get", jiulize kwanza kama Kiswahili kingeiweka kwenye mkia. Mara nyingi utapata jibu hapo hapo.

Mzee wa Kamusi

Mwanzisha uzi, usijione mjinga. Vitenzi vifupi vya Kiingereza ndivyo vizito kuliko vyote. Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, la mwaka 1989, neno lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set", kitenzi chake kikiwa na maana 430. Baadaye wahariri walipolipitia upya "run", wakahesabu maana 645.

"Get" yenyewe iliingia Kiingereza kutoka lugha ya Waskandinavia wa kale, "geta", maana yake kupata. Kiingereza kilikuwa tayari na ndugu yake aliyejificha ndani ya maneno mengine, na mpaka leo unamwona kwenye "forget" na "beget". Kwa hiyo shina la kupata lipo, nyingine ni matawi. Kupata ugonjwa, kupata hasira, kupata wazo: ukitembea taratibu unaona jinsi kumiliki kitu kulivyogeuka kuingia katika hali, na hali ikageuka kutendwa.

Njia Panda

Mimi nina maoni tofauti. Acheni kulitumia kabisa kwenye kazi rasmi. Kwa kupokea andika "receive", kwa kuwa "become", kwa kufika "arrive", kwa kuelewa "understand". Maandishi yanakuwa safi na hakuna anayekosea.

Msafiri wa Maneno

Njia Panda, kwa kuandika nakubaliana nawe kwa kiasi. Lakini yeye hakukosea kuandika, alikosea kusoma. Wateja hawatamwandikia "receive" ili kumsaidia. Watu wanaoishi na Kiingereza wanasema "get" asubuhi hadi jioni, lazima alijue.

Mwanzisha uzi

Ahsanteni sana wakuu. Hilo la mkia limeniingia. Jana nimekaa na barua pepe zangu za zamani, nikapigia mstari kila "get" na kuandika pembeni kitenzi cha Kiswahili chenye mkia wake. Zimebaki mbili zinazonisumbua. "I've got to finish" na "I got to finish". Zinafanana mno.

Kalamu Tulivu

Ya kwanza ni lazima: sina budi kumaliza. Ya pili, ikiwa inasimulia jambo lililopita, ni nafasi: nilipata kumaliza, nilijaliwa kumaliza. Hapa "pata" letu linaingia bila taabu, kama tunavyosema "sikupata kumwona". Ila kuwa macho, katika mazungumzo wengi huidondosha "have", wakasema "I got to go" wakiwa na maana ya lazima niondoke. Hapo mkia hausaidii. Angalia kama jambo limeshatendeka au bado.

Na kwa Wamarekani utaona pia "gotten": "it has gotten worse", hali imezidi kuwa mbaya. Mwingereza wa leo huandika "got" mahali hapo. Usiihesabu kuwa kosa.

Mwanzisha uzi

Nimeelewa. Basi nipimeni. Leo asubuhi mteja mpya, niliyempelekea ukurasa mmoja wa mfano, ameandika: "Thanks. We'll get it looked at and get back to you."

Nasoma hivi: tutaukabidhi kwa mtu auangalie, kisha tutakujibu. Yaani "get" ya kwanza ni ile ya -sha, ya pili ni ya kujibu. Hawajanipa kazi bado.

Nyota ya Alasiri

Umepata zote mbili.

Kalamu Tulivu

Sahihi kabisa. Na safari hii usiguse ukurasa wa pili mpaka wakujibu.