MJADALA: Je, ni sawa kuinadi funga ya Ramadhani kama dawa ya kupunguza mwili na kuponya kisukari?

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wasio Waislamu karibuni pia, maana hata kwenye maombi ya kufunga makanisani jambo hili lipo.

Kila Shaabani ikielekea ukingoni, jumbe huanza kumiminika kwenye simu: funga, kitambi kitakwisha, funga, sukari itapona. Siku hizi hata kwenye darsa utasikia ustadhi akihesabu faida za mwili kabla hajafika kwenye uchamungu, ambao ndio sababu iliyotajwa na Qur'ani yenyewe (2:183).

Mimi napinga. Sisemi kwamba kutaka afya ni dhambi. Mwili ni amana, na Mtume (S.A.W.) alisema muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu. Anayefunga kwa ajili ya Mola wake kisha akapungua, alhamdulillahi. Anayetembea kwa miguu kidogo kabla ya Magharibi, simwoni na kosa lolote.

Hofu yangu ni mgonjwa. Aya inayofuata, 2:184, imempa ruhusa ya kutofunga: alipe siku nyingine, na asiyetarajia kupona alishe maskini. Sasa mchukue mama anayejidunga insulini. Miongozo ya madaktari inasema sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L (ile 70 mg/dL kwa vipimo vingine), afungue hapo hapo, hata kama adhana imebakiza dakika kumi. Lakini kama ameshaambiwa msikitini kwamba funga ndiyo tiba, atafungua vipi? Ataona anaikimbia dawa, tena mbele ya majirani. Atavumilia mpaka azimie. Ruhusa aliyopewa na Mola wake, sisi tumemnyang'anya kwa maneno ya kumtia moyo.

Na hilo la kupungua lenyewe halina uzito mkubwa. Watafiti waliopima wafungaji wamekuta wastani wa kilo moja hivi, na sehemu kubwa hurudi wiki chache baada ya Idi. Kwetu pwani tutazame sinia tu: mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati zilizochovywa shira, sambusa, kisha daku la wali. Hadithi ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi tunaijua sote, ila ikifika Magharibi hakuna anayeikumbuka. Ustadhi anayejali afya zetu aanzie hapo.

Najua wapo watakaosema vijana hawavutiki bila kutajiwa faida wanazoziona kwa macho. Hoja hiyo naiheshimu, nataka kuisikia kwa kirefu. Ila mtakaojibu, naomba mguse na hili: mgonjwa wa insulini akimwendea imamu kumuuliza afunge au asifunge, imamu ampe jibu mwenyewe, au amrudishe kwanza kwa daktari wake? Mimi nasema amrudishe. Anayepinga alete hoja.