Wanaobeti mbio za magari, tupeane uzoefu (mpira tuuache kidogo)

Wakuu, salaam. Humu kila siku ni mikeka ya mpira, tangu Ijumaa mpaka Jumatatu. Leo naomba tuwasikie wale wanaoweka kwenye Safari Rally na Formula 1. Tipu sitaki. Nataka kujua mkeka wa magari unachanika vipi na unalipwa vipi, maana mpirani refa akipuliza filimbi kila mtu anajua la kufanya na tiketi yake. Kwenye magari hata aliyevuka mstari wa kwanza bado hajatulia.

Naanza mimi. Safari Rally ya 2021, ile iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Nilimweka dereva Ogier kabla mbio hazijaanza, si kwa ujanja wowote, ni jina tu. Jumapili asubuhi Neuville anaongoza kwa karibu dakika nzima. Jamaa niliokuwa nao wote wakahamia kwake laivu, odsi imeshuka mpaka hata ukishinda hela haitoshi chapati na maharage. Kwenye stage ya Loldia (stage ni kipande cha njia kinachopimwa muda), shokapu ya nyuma ikafa. Gari la kiongozi linatembea limeinama kama mbuzi aliyeumia mguu, na mbio zake zikaishia hapo. Ogier akachukua, Katsuta wa pili, Tänak wa tatu. Tangu hapo siweki laivu kwa anayeongoza huko Naivasha kwenye Safari, hata awe na dakika mbili.

Karibuni.

Vumbi la Kedong: Mkuu, mimi ni wa Nakuru, nikusaidie hapo. Watu wa mbali wanabeti dereva, sisi tunabeti barabara. Kuna lile vumbi laini kama unga wa ngano, wenyewe wanaliita feshfeshi. Juu unaona njia imetulia, chini kuna mtaro au jiwe. Mwaka huohuo wa 2021 Evans aligonga jiwe Ijumaa, na Rovanperä akazama kwenye mchanga siku hiyohiyo. Magari ya Toyota hayo, yaliyopewa nafasi kubwa! Sasa sikia utamu: kampuni niliyokuwa naitumia haikuwa na soko la madereva wetu wa Kenya, kwa hiyo tukawekeana wenyewe mtaani, nyama kilo mbili, kwamba watatu wataingia kumi bora. Wakacheka. Onkar Rai wa saba, Karan Patel wa nane, Carl Tundo wa tisa. Nyama ililiwa, na aliyelipa alikula nyingi kuliko sisi.

Kona ya Tatu: Niko Muscat, huku nafuatilia Formula 1. Nisikilizeni vizuri kwenye hii. Spa, Ubelgiji, Julai 2024. Dereva Russell anasimama pit kubadili matairi mara moja tu wakati wenzake wanasimama mara mbili, anamzuia Hamilton mpaka mwisho, anapanda jukwaani, shampeni inamwagwa. Mkeka wangu ulikuwa na Russell, nikalipwa palepale. Baadaye gari likapimwa: kilo 796.5, na kiwango cha chini ni 798. Kilo moja na nusu! Akafutwa, ushindi akapewa Hamilton. Mimi hela imebaki, kwa sababu kampuni yangu inalipa kwa waliopanda jukwaani. Mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja alikuwa na Hamilton kwenye kampuni nyingine, inayofuata matokeo rasmi, naye akalipwa. Chumba kimoja, mbio moja, washindi wawili tofauti, wote tumekula. Lakini geuzeni hiyo: yeye angekuwa na Russell na mimi na Hamilton, tungelala njaa wote wawili.

Bi Mkubwa wa Moshi: Wanangu, mnajisumbua na odsi. Enzi za baba zetu Safari ilikuwa inapita nchi zetu hizi, na watu walikuwa hawabishani nani atashinda, walibishana wangapi watarudi. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza saba tena! Marehemu baba aliwekeana na jirani kreti ya soda. Jirani alisema ishirini.

Vumbi la Kedong: 😂😂 Shikamoo mama. Na dereva wetu wa Kenya, Joginder Singh, alikuwa ndani ya hao saba mara zote mbili.

Mgeni Jukwaani: Swali. Nikiweka fulani atamaliza mbele ya fulani, halafu mmoja akaharibikiwa Ijumaa, si nimeshashinda?

Mleta mada: Usishangilie bado, mkuu. Kwenye rali aliyekwama Ijumaa anaruhusiwa kurudi Jumamosi gari likitengenezeka, anabebeshwa dakika kumi kwa kila stage aliyoikosa. Rovanperä aliyezama mchangani alirudi akamaliza wa sita. Kwa hiyo wako anaweza kufufuka, na yule uliyemwamini akafia Jumapili. Tena kampuni nyingine wakitoka wote wawili wanarudisha dau, nyingine wanaangalia nani alifika mbali zaidi. Fungua masharti, shuka mpaka michezo ya magari, usiishie kwenye mpira. Kona ya Tatu, ya kwako imeandikaje?

Kona ya Tatu: Wanarudisha. Ya mwenzangu hawarudishi.