Tupeane uzoefu: mafumbo ya ushairi tunayotegana maktabani

Ndugu wasomaji, hapa Tanga, ambako Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, baadhi yetu tuna mchezo wa kuandika fumbo kwenye kipande cha karatasi na kukiacha ndani ya kitabu cha mashairi, ili atakayekiazima baadaye alifumbue. Sharti ni kwamba jibu litokane na istilahi ya ushairi au jina la diwani, yaani kitabu cha mashairi. Langu lililosumbua watu zaidi ni tathnia hii, yaani ubeti wa mishororo miwili, ya mizani (silabi) 8 kwa 8 katika kila mshororo:

Bahari haina maji, kina kisichozamisha,
Nijibuni wasomaji, wapi nyavu nimeshusha?

Wengi walikimbilia ufukweni Raskazone. Aliyepatia alitambua kuwa bahari hiyo (aina ya shairi) na kina chake (silabi za mwisho zinazofanana) ni vya kwenye arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, na kwamba nyavu zimeshushwa katika shairi. Leteni yenu.

Mchangiaji wa Ngamiani: Mimi nilikuta maneno haya: "Meya huyu alikuwa na diwani moja, wala haikupigiwa kura." Nilihangaika na madiwani wa kata zote ninazozijua, mpaka niliposoma tena na kuona kuwa angekuwa diwani wa kata angeandikwa "mmoja", tena "hakupigiwa". Ndipo nilipomkumbuka Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, ambaye kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri kilitoka mwaka 1954. Kwangu hilo ndilo fumbo bora kuliko yote, kwa kuwa aliyelitega hakuficha kitu. Ufunguo aliuacha wazi katika upatanisho wa kisarufi.

Mchangiaji wa Muheza: Langu ni jepesi: "Nina pambo, nina koja, shingo sina." Anayezijua diwani za Shaaban Robert, yaani Pambo la Lugha na Koja la Lugha, hujibu papo hapo kuwa ni lugha.

Mchangiaji wa Chumbageni: Kwetu fumbo lilizua ubishi. Binti mmoja mwanafunzi aliandika: "Kichomi chanikeshesha, daktari sikumwona." Mzee mmoja, mtunzi wa siku nyingi, alikubali kuwa jibu ni Kichomi, diwani ya mshairi Kezilahabi ya mwaka 1974, lakini akakataa kuliingiza mchezoni, kwa hoja kwamba tungo za humo hazifungwi na vina wala mizani, na kwa hiyo, kwa maneno yake, ni guni tupu, yaani mashairi yenye kasoro za vina na mizani. Binti akamjibu kwa adabu, "Shikamoo babu, lakini fumbo lenyewe nimelipima, ni 8 kwa 8." Mzee akahesabu kwa vidole, akakwama kwenye "daktari": ile k ni mizani inayojitegemea, au imemezwa na silabi iliyotangulia? Akiimeza, kipande cha pili kinabaki na mizani 7. Mimi naihesabu, kama tunavyoihesabu b ya "labda". Mwenye hoja tofauti ailete.